Kobe Anadhani Bado Ni Februari

Jumatatu, 3 Juni

Leo mume wangu ameongea.

Niandike taratibu, nisiruke kitu. Umeme ulikatika mtaa mzima mchana, mara ya kwanza tangu tumzike. Uliporudi nilikuwa jikoni nasugua sufuria. Nikasikia kutoka sebuleni: "Mama, tumerudi. Unaweza kupiga simu sasa." Sauti yake! Ile ya kuvutavuta, ya mtu aliyetoka kulala sasa hivi. Sufuria ikaniponyoka. Nilikimbia — nilikimbia kweli, na magoti yangu haya — na sebuleni hakuna mtu ila mama mkwe kwenye kiti chake, uso ameuelekeza kwenye spika, mikono mapajani.

Akaniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia.

Ni Kobe, basi. Nilishamsahau kabisa. Kobe ni kile kisanduku cheusi juu ya kabati, kidogo tu, unaweza kukificha kwenye kiganja. Mume wangu alikiunda mwenyewe ili Mama aongee na wifi yangu aliye ng'ambo. Mama haoni. Simu ya mkononi haitaki, anasema ni kikopo cha kubana sikio. Kwa hiyo kila jioni wifi anapiga kupitia Kobe, sauti inatoka kwenye spika kubwa, na Mama anajibu hewani akiwa ameketi. Na kwa kuwa haoni taa za Kobe, mume wangu alimrekodia. Mtandao ukienda, Kobe anasema: "Mama, mtandao umekatika, subiri kidogo." Ukirudi anasema: "Mama, tumerudi." Miezi yote hii mtandao haukukatika, hakuna aliyesema kitu. Leo kasema.

Watu wanasema "marehemu." Mimi bado nasema mume wangu.

Jioni simu ya wifi haikuingia. Kobe kasema tumerudi lakini hatujarudi popote.

Jumanne, 4 Juni

Taa ya kijani inawaka vizuri tu. Nimebadilisha kebo. Nimepuliza matundu yote. Nimepiga kampuni ya intaneti, dada wa huko akaniambia nizime, nisubiri, niwashe. Nikamwambia nimezima, nimesubiri, nimewasha. Akaniambia nizime, nisubiri, niwashe. Angekuwa karibu ningemzima yeye.

Na kila nikiwasha: "Mama, tumerudi." Nimemsikia asubuhi kabla ya kwenda kazini, nimemsikia tena niliporudi. Moyo wangu unaruka kila mara kana kwamba sijui kinachokuja. Mama yeye anatabasamu. "Haya, baba," anasema, kama anavyomjibu mtu aliyeingia mlangoni. Nataka kumwambia ni rekodi, Mama. Halafu naona ni ukatili. Kwani hajui? Sijui kama anajua.

Wifi kanitumia ujumbe mrefu: hiyo takataka itupwe, yeye ataagiza kisanduku kipya cha kampuni, mama yake hawezi kukaa bila kusikia watu kwa sababu ya makopo ya kaka yake. Makopo! Wifi amekosa wai-fai. Nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja wa fotokopi akaniangalia. Utani huo ulikuwa wa mume wangu, kila wiki, na kila wiki nilimwambia umechuja.

Sitaki kitupwe. Niandike hivyo hapa ambapo hakuna wa kunibishia. Kobe akitupwa ile sauti nayo inakwenda, na hatuna nyingine. Alikuwa mtu wa kupiga picha za wenzake, mwenyewe hakuwahi kurekodiwa hata harusini.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeazima skrini na kibodi ya zamani dukani. Bosi kakubali kwa kununa. Nimeviunga kwa Kobe na kukaa sakafuni, miguu nimeikunja, kama zamani.

Mimi hii Linux, mfumo unaomwendesha Kobe, siijui. Ninachojua kiko vidoleni. Mume wangu alikuwa fundi wa mitandao, na hapa nyumbani antena ikisumbua yeye alipanda paani, mimi nikabaki chini na kibodi. Akifoka kutoka juu: "Piga ping! Namba!" Naandika, kuita mtandao wa nje nione kama unaitika. "Inajibu?" "Inajibu!" "Sasa jina!" "Halijibu!" "Basi ngoja!" Majirani walidhani tunagombana. Wengine walikuja kutupatanisha, tukacheka mpaka akaogopa kuanguka.

Miaka yote hiyo nilikuwa vidole vyake. Nilijua cha kuandika, sikuuliza kwa nini.

Leo nikakaa, vidole tayari. Paani kimya.

Naona haya lakini ni kweli: nilitazama dari na kusubiri aniambie. Mabati yakalia kidogo, kwa jua hilo, yanalia kila mchana. Nikaitika! Nikasema "eh?" kwa sauti. Mama akauliza unaongea na nani. Nikasema na Kobe.

Halafu nikapiga mwenyewe. Neno la siri nalikumbuka, alinifokea mara nyingi mno. Namba: inajibu. Jina: halijibu. Namba tena: inajibu upesi, haina shida. Jina: kimya. Yaani njia iko wazi kabisa, ila Kobe hamtambui mtu kwa jina. Ndiyo maana anasema tumerudi. Yeye anapima kwa namba, akiona imejibu anamtangazia Mama. Simu ya wifi inatafutwa kwa jina, hapo ndipo anapokwama.

Na mimi nimekwama hapo hapo. Baada ya "jina halijibu" alikuwa akifoka kitu kingine. Nini? Nimekaa mpaka miguu imekufa ganzi. Halijanijia.

Ijumaa, 7 Juni

Limenijia kazini. Nilikuwa narekebisha tarehe kwenye mashine ya fotokopi na mkono ukasimama wenyewe. "Soma tarehe!" Ndicho alichokuwa akifoka. Mimi nilidhani ni mzaha wake, mtu yuko juu ya bati la moto anataka kujua leo ni tarehe ngapi.

Nimerudi nyumbani, sikuvua hata viatu. Nikamuuliza Kobe tarehe.

Ijumaa, 9 Februari, saa moja na dakika saba jioni.

Mume wangu alikufa Jumamosi, tarehe 10 Februari, asubuhi. Alitoka kwenda kufunga antena ya mteja na paa lilikuwa na umande. Kobe anadhani ni jioni ya mwisho.

Nikazima. Nikawasha. "Mama, tumerudi." Nikauliza tarehe. Ijumaa, 9 Februari, saa moja na dakika saba jioni. Nikazima tena, nikawasha. Ile ile! Kila akiamka, kwake ni jioni ile na mume wangu yuko hai, chumba cha ndani.

Naikumbuka. Alijifungia humo, nikamsikia anasema peke yake, ananyamaza, anaanza upya. Nikamuuliza kupitia mlangoni unaongea na nani. Akajibu na Kobe. Alipotoka alinigeuzia mgongo nimkune pale mkono usipofika. Nikamkuna huku nalalamika kwamba chakula kinapoa. Basi. Hapakuwa na kitu kingine. Ingekuwa vizuri kama kungekuwa na kitu kingine.

Nilikaa nikiitazama saa ya Kobe inavyokwenda. Dakika ya nane, ya tisa, ya kumi na moja. Nikaiacha iende. Nikawaza, huko kwake sasa hivi mlango unafunguliwa. Niligeuka kutazama mlango wa chumba cha ndani.

Mama aliuliza mbona nimenyamaza. Nikasema kichwa kinauma.

Jumapili, 9 Juni

Nimempigia Nyaya. Ndiye aliyekuwa mwenzake kazini, ndiye aliyeshika ngazi siku ile. Hajakanyaga hapa tangu mazishi, na simu zangu alikuwa anazipokea kwa haraka haraka, shemeji niko kazini, shemeji nitakupigia. Leo kanisikiliza mpaka mwisho.

Kanieleza hivi. Siku hizi mitandao hutambuana kwa vitambulisho, na kila kitambulisho kina tarehe. Kobe akionyeshwa cha mwezi huu anasema hiki ni cha uongo, bado tuko Februari, anakataa. Kwa hiyo hapati jina la mtu yeyote. Na saa sahihi anaipata kwa kuuliza huko nje, lakini wa kumuuliza naye anaitwa kwa jina. "Bila saa hapati jina, shemeji, na bila jina hapati saa." Nikamwambia basi kachanganyikiwa kama mimi. Akacheka kidogo, halafu akaacha ghafla kama aliyekosea.

Akanisomea amri ya kumpa tarehe kwa mkono. Nikaandika. Nikapiga jina. Linajibu! Niliruka humu ndani. Jioni wifi kapiga, Mama kaongea naye kwa raha zake zote, magonjwa ya majirani na bei za vitu. Nikasema nimemaliza, mimi fundi.

Katikati ya mazungumzo, mimi nimerudi jikoni, kata! Kimya. Halafu: "Mama, tumerudi. Unaweza kupiga simu sasa." Na tarehe? 9 Februari.

Jumatano, 12 Juni

Siku tatu mfululizo nimempa tarehe, na kila nikigeuka Kobe amezimika na kuwaka. Nikashuku soketi. Nikafunga plagi kwa utepe mweusi. Nikashuku umeme, lakini taa haipepesi. Nikaanza kushuku mambo ambayo siyaandiki. Usiku nalala taa ikiwaka, mtu mzima mimi.

Wifi kaniambia mama yake anamkatia simu katikati ya neno. Nikamtetea Mama: atakataje simu mtu asiyejua hata Kobe yuko upande gani wa kabati?

Leo mashine kubwa ya dukani imeharibika, tumefunga mchana. Nimeingia kwa mlango wa nyuma, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Mama alikuwa amesimama kando ya kabati. Mkono wake ulikuwa unafuata ukuta, polepole, ukafika kwenye swichi. Tik. Akasubiri, uso juu. Tik. Akasubiri tena, safari hii ameshika ukingo wa kabati kwa mikono yote miwili.

"Mama, tumerudi. Unaweza kupiga simu sasa."

"Nimesikia, baba," akasema. "Umekula?"

Akangoja kidogo, kama kumpa nafasi ya kujibu. Kisha mkono ukarudi kwenye swichi.

Nilipaswa kulia. Nilikasirika! Siku zote hizi nimelala na taa, nimefunga utepe, nimegombana na dada wa kampuni! Nikasema "Mama!" kwa sauti ya kufukuza kuku. Hakushtuka hata kidogo. Kasema umerudi mapema, mwanangu. Nikamwambia anamuua Kobe, kuzima ghafla ghafla hivyo kunaua mashine, na ikifa hatumsikii tena. Akauliza, "Nisipowasha, namsikia?"

Nimekwenda kuosha matope.

Na niandike na hili. Naona wivu. Na mama mkwe wangu! Kwa sababu ya kisanduku! Kila mume wangu anapoongea anasema "Mama." Mama subiri, Mama tumerudi. Mimi niliyekaa na kibodi mapajani miaka yote, jina langu halimo. Ningependa aniambie hata "ondoka hapo, unakanyaga kebo."

Ijumaa, 14 Juni

Nyaya kaja. Kasimama mlangoni muda mrefu, kofia mkononi. Nikamwonyesha kiti, akakiangalia, akakaa sakafuni. Kile kilikuwa kiti cha mume wangu. Sikumlazimisha.

Tukamwasha Kobe. Nilisahau kumwonya. "Mama, tumerudi —" na bisibisi ikamponyoka mkononi, ikabingirika mpaka chini ya kabati. Kageuka rangi. Mama akamwambia kwa upole, usiogope, ndivyo anavyosalimia. Nyaya akafuta macho kwa kofia. Akainama kuitafuta bisibisi.

Kafungua, kasoma, kanieleza. Ndani ya Kobe kuna kadi ndogo ya kumbukumbu. Imechoka. Tangu jioni ile ya tarehe 9 imegoma kuandika kitu chochote, inasoma tu. Ndiyo maana haikumbuki siku nyingine iliyofuata. Kobe hana saa ya betri, hushika tarehe ya mwisho aliyoiandika, na ya mwisho ni hiyo. Na sasa hata kusoma kunaanza kumshinda. "Hii inakufa, shemeji. Inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa leo."

Nikamwambia atoe sauti haraka. Akatoa. "Umekatika" na "tumerudi," zote mbili, akaniwekea kwenye simu yangu. Nilishusha pumzi! Nikaenda kwa Mama, nikamwambia sasa utamsikia unapotaka, bila kuhangaika na swichi, sikiliza. Nikabonyeza. "Mama, tumerudi." Sauti safi kuliko ya spika.

Mama kasikiliza. Kaipapasa simu, kanirudishia.

"Huyu kasema kwa sababu umembonyeza," akasema. "Yule husema kwa sababu mtandao umerudi."

"Mama, ni sauti ile ile. Ni rekodi ile ile."

"Najua ni rekodi. Mimi kipofu, si mjinga." Halafu kaongeza: "Kile kisanduku kinapokuwa hakipo hewani, yeye anahangaika. Kikirudi, ananiambia. Ndivyo alivyokuwa. Hii simu yako haihangaiki."

Nyaya akaniita. Akasema shemeji, njoo uone, kuna la tatu.

Faili la tatu. Nikamuuliza, liliandikwa siku moja na yale mengine? Hapana, alisema, haya mawili ni ya zamani. Hili la tatu liliandikwa tarehe 9 Februari, saa moja jioni, na baada ya hapo kadi haikuandika tena. Jina la faili ni "mke." Basi, mke, halina kingine. Na amri yake inasema hivi: mtandao ukikatika ukakaa siku nzima bila kurudi, cheza hili.

Nilikaa chini. Kumbe ndilo alilokuwa analirekodi, na mimi mlangoni namuuliza unaongea na nani!

Nyaya alijaribu kulinakili. Likaenda nusu, likasimama, skrini ikajaa makosa. Kadi ina donda hapo hapo. Akajaribu mara nyingine, nikamwona anasita, akaacha. Anasema kila ukilisoma unalichubua. Huenda litasomeka mara moja zaidi. Huenda lisisomeke hata hiyo moja. Akasogeza mkono kwenye kibodi: "Nilicheze sasa hivi, shemeji? Kabla halijafa?"

Nilimpiga kofi mkononi. Fundi wa watu! Nikamwomba radhi hapo hapo. Nikasema ngoja. Ngoja kwanza.

Kaondoka bila kunywa hata maji. Mlangoni kasema alitaka kuja siku nyingi, miguu ndiyo iliyokataa. Nikamwambia aje tena, na safari hii akae kitini.

Jumamosi, 15 Juni

Wifi: mafundi wa kampuni wanakuja Jumatatu, ameshapanga nao, wataondoa kila kitu na kufunga kipya. Hakuna mjadala. Ana haki yake. Ni mama yake na ni kaka yake. Hata hivyo nimeitupa simu kochini kwa hasira.

Nimewaza usiku kucha. Kubonyeza ni rahisi. Kitufe kimoja. Ningekuwa nimeshajua. Lakini Mama kaniharibu. Nikimbonyeza nitakuwa nimemchokonoa aseme. Hakupanga hivyo. Alipanga kwamba siku mtandao ukigoma kabisa, yeye yuko mbali kazini, mimi niko hapa na mama yake mwenye wasiwasi, siku nzima imepita na hakuna anayejibu — hapo ndipo aniambie kitu.

Kitu gani, ndiyo sijui. Namjua yule mtu. Inawezekana kabisa ni "mke wangu, kebo ya akiba iko chini ya kitanda, panda paani uangalie." Nitakoma! Siku nzima ya kusubiri kwa ajili ya kebo! Nimecheka na machozi yakatoka. Hata hilo nalitaka. Aniagize paani, nitapanda.

Na nikisubiri huku kadi ikifa? Basi sitajua milele, na nitakuwa nimelipoteza mwenyewe kwa ukaidi.

Nimemwambia Mama yote. Kwamba kuna la tatu, na si lake. Niliogopa ataumia. Kauliza, "Umeshalisikia?" Nikasema bado. "Mwache aseme mwenyewe," akasema. "Mimi sitagusa ukuta."

Saa tisa alasiri nimechomoa kebo ya antena. Kobe akasema, "Mama, mtandao umekatika, subiri kidogo."

"Tunasubiri," Mama akajibu.

Nimemwandikia wifi kwamba leo na kesho hatutapatikana kwenye spika. Sikumweleza. Nitamweleza vipi?

Jumapili, 16 Juni

Asubuhi. Kobe yuko macho. Nimelala kochini, mkono kwenye kabati, nahisi joto lake dogo. Umeme haujakatika. Ukikatika hesabu inaanza upya na kesho mafundi wapo mlangoni. Kila friji inapoguguma nashtuka.

Mama kaniomba niweke kiti changu kati yake na swichi. Anasema mkono una mazoea. Tumecheka. Baadaye nikamwona ameukalia.

Mchana. Wifi kapiga simu yangu ya mkononi, nikapokea. Anafoka: nini kinaendelea, kwa nini mnamkatia mtu mawasiliano na mama yake? Nikamweleza, ikatoka ovyo ovyo, kadi, Februari, faili, mke. Kimya kirefu. Nikadhani imekatika. Kumbe analia. Akauliza kama huyo Kobe bado anasema "tumerudi." Hakujua! Miaka yote akipiga, Kobe alikuwa ameshamaliza kusema. Akaniomba nisimkatie, niweke simu mezani, naye asikie. Nikamwambia sawa. Halafu nikarudisha maneno yangu. Nikamwambia, wifi, hapana. Hili niachie. Nitakuambia baadaye kama ni la kuambiwa. Nilidhani atanitukana. Kasema, haya, wifi yangu. Hajawahi kuniita hivyo.

Saa nane na nusu. Siwezi kula. Mama ananiambia vaa vizuri. Ya nini, Mama, kwani ananiona? Nimekwenda kubadilisha gauni.

Saa tisa kasorobo. Jirani anapigilia misumari. Nimetoka nikamwomba aache kidogo. Kauliza kuna nini. Nimesema kuna simu tunaisubiri.

Saa tisa. Hakuna kitu. Taa ya kijani inapepesa, nyekundu imesimama. Naandika hapa sakafuni ili mikono iwe na kazi.

Saa tisa na dakika kadhaa. Hakuna kitu! Labda kadi imeshindwa. Labda Nyaya alisoma amri vibaya. Labda nilichelewa kuchomoa kuliko nilivyoandika jana, saa ya ukutani na ya Kobe si —

Spika imekwaruza.

Mama kanishika kifundo cha mkono. Nimeanza kumwambia Mama, labda ni — kanifinya. Nyamaza, anasema, leo haniiti mimi.

Inakwaruza. Inasimama. Inakwaruza tena.

Mume wangu amevuta pumzi